Nakala ya Msimamizi

Katika nyumba ile mlikuwa na dramu tatu, gitaa moja lenye nyuzi tano badala ya sita, na magodoro mengi kuliko watu. Kaseti haikuwamo hata moja. Watu wawili waliorekodi nakala themanini na nne kwa mikono yao hawakuwa wamejiwekea ya kwao. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na huenda waliposema hivyo walikuwa wametoka kumwona Mkwaruzo na mkewe.

Kwa miaka ishirini na sita jambo hilo halikumnyima mtu usingizi. Lilianza kuuma siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ndani ya chumba cha daktari. Kiti kilikuwa kimoja, cha mgonjwa, kwa hiyo mke alisimama na mkoba wake kifuani kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Tutaondoa zoloto lote," daktari alisema.

"Zoloto ndiyo kitu gani?" mke aliuliza.

"Kiungo kinachotoa sauti, mama. Uvimbe umekaa pabaya. Tukiuacha, utasambaa. Tukiuondoa, mzee ataishi, Mungu akipenda. Ila sauti yake hii hatakuwa nayo tena."

"Hata ya kuimba?"

Daktari alimtazama mzee mwembamba aliyekaa mbele yake na kofia magotini, akajaribu kumwona akiimba, akashindwa. "Kwani huwa anaimba?"

"Sijawahi kuimba," Mkwaruzo alijibu mwenyewe. Sauti yake siku hizo ilikuwa kama kiti kinachoburutwa sakafuni. "Nilikuwa napiga kelele. Ni kazi nyingine kabisa."

Daktari aliandika kwenye karatasi kwamba upasuaji ni Jumatatu asubuhi. Mpaka siku hiyo mgonjwa apumzishe sauti: asipige kelele, asibishane, asinong'one. Mke aliipokea karatasi akaisoma mara mbili. Neno "asibishane" lilimfanya atamani kucheka, kwa sababu alikuwa ameishi na mtu huyo, na kubishana ndiko kulikokuwa kupumua kwake.

Walirudi kwa miguu. Walipofika kwenye kona ya duka la vioo, mke alisimama ghafla.

"Baba we, zile kaseti zetu, tulibakiza ipi?"

Mkwaruzo alifikiri. Kisha akatikisa kichwa polepole, na uso wake ukawa wa mtu aliyepapasa mfuko na kukuta umetoboka.

*

Walikutana kwenye kiwanda cha magodoro, Mkwaruzo akiwa mkata sponji, mke akiwa mshonaji wa vitambaa vya kuvalisha magodoro. Mapumziko ya chakula yalikuwa nusu saa. Ghala la magodoro, ukishafunga mlango, lilimeza sauti zote. Mle ndani ungeweza kuvunja sahani mia na nje wasigeuze shingo. Kaseti nayo ilikuwa na nusu saa kila upande. Mambo yakajipanga yenyewe. Waliingia ghalani bila kula, yeye na gitaa lake na mdomo wake, mke na dramu zake tatu, wakapiga panki, muziki wa kelele na hasira, mpaka king'ora kilipolia. Wakajiita Nusu Saa.

Upande wa kwanza waliupiga Jumatatu, wa pili Jumanne, nakala moja ikawa imekamilika. Jumatano wakaanza nyingine, toka mwanzo, nyimbo zilezile, kwa ajili ya mtu mwingine. Hawakuwa na mashine ya kunakilia, na hiyo ndiyo sababu ya kweli. Lakini umaskini ukikaa sana huvaa nguo za msimamo, na baada ya nakala ya kumi walikuwa wakimwambia kila mtu kwamba kunakili ni uongo, kwamba anayenunua anastahili kupigiwa ya kwake. Mke alishona vifuko vya kaseti kwa mabaki ya kitambaa cha magodoro, kile cha mistari ya bluu. Kila walipoanza nakala walisema hii ndiyo itakuwa yetu, na kabla ya Jumanne kumalizika alitokea mtu akaitaka. Nani angekataa? Nyumbani kulikuwa na mtoto anayenyonya.

Zilikuwa siku nzuri. Mke alikuwa akizifikiria zaidi alipokuwa akifua, sijui kwa nini, labda kwa sababu mikono ilikuwa na mwendo. Walipiga kwenye ukumbi wa shule ya udereva, kwenye gereji, na mara moja kwenye sherehe ya mtu aliyewaita kwa makosa akidhani wao ni bendi ya muziki laini. Bibi harusi alicheza hata hivyo, akavunja kisigino. Vijana wa suruali zilizochanika ndio waliowapa majina, yeye Mkwaruzo kwa ajili ya koo lake na mkewe Kishindo kwa ajili ya mkono wake. Kampuni moja ya muziki iliwahi kuwafuata. Ilitaka waongeze watu watatu na yeye apunguze ukali. Mkwaruzo akawajibu kwamba wao wawili wanatosha kabisa kugombana.

Kisha kiwanda kilileta mashine mpya, ghala likajaa, na Nusu Saa ikaisha vivi hivi, bila kwaheri.

*

Binti yao, yule aliyekuwa akinyonya, sasa alikuwa karani wa shule na mtu wa mipango. Ijumaa jioni alikuja na simu yenye kamera tatu na karatasi aliyoichapa ofisini.

"Baba, kaa hapa kwenye mwanga. Nimekuandikia maneno ishirini. Unayasoma, mimi narekodi. Baadaye ukihitaji maji, unabonyeza tu, sauti yako inasema 'maji'."

Mkwaruzo alivaa miwani. Alisoma karatasi kimya kimya, akaikunja.

"Mimi si lifti inayotangaza ghorofa," alisema.

"Baba!"

"'Asante. Zima taa. Mgongo unauma.' Hiyo ndiyo sauti yangu? Mtu akija hapa mkamwambia huyu alikuwa mwanamuziki, mtamsikilizisha 'mgongo unauma'?"

"Usiongee, daktari kakataza," Kishindo alisema.

"Basi imba," binti alisema. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka hukata palipo laini. "Imba wimbo mmoja nirekodi, tumalize. Maana mimi hizo nyimbo sijawahi kuzisikia. Shuleni walikuwa wananitania, mama yako anapiga madebe ghalani, na mimi hata sijui walikuwa wanacheka nini."

Mkwaruzo alitazama gitaa ukutani. Alipojibu, alijibu taratibu, na Kishindo akajua kwamba hasira haimo mle, ni aibu tupu.

"Nimesahau mwanzo, mwanangu. Nimejaribu tangu jana nikiwa bafuni. Sikumbuki unaanzia wapi. Mama yako alikuwa anapiga, mimi naingia. Bila yeye kupiga, sina pa kuingilia."

"Na mimi nimejaribu," Kishindo alisema. "Mikono haijui tena."

Hapo ndipo alipoamua. Kama mikono imesahau, kaseti haijasahau. Kati ya nakala themanini na nne haiwezekani zote ziwe zimekufa. Alitaka moja tu, ili mumewe aisikie sauti yake kabla haijachukuliwa, na baada ya hapo nyumba isibaki bubu. Alivaa viatu vya kutembelea asubuhi ya Jumamosi kabla hata chai haijachemka.

Kinyozi aliyenunua nakala ya sita alifurahi kumwona, akamkalisha, akamwambia bila kupepesa macho kwamba alirekodia mpira juu yake. "Ilikuwa fainali, dada yangu. Ningefanyaje?" Mama wa kantini ya kiwanda, ambaye alipewa nakala bure kwa sababu aliwawekea chakula kila siku wakakila kikiwa kimepoa, alikuwa amehamia kwa mwanawe. Mwanawe alitoa sanduku, akalipekua mpaka chini, akatoa kifuko cha mistari ya bluu. Ndani yake mlikuwa na sindano na vifungo.

"Kifuko kizuri sana hiki," alisema. "Mama hakukubali kitupwe."

Kishindo alikishika, akazitambua nyuzi zake, akakirudisha. Ilikuwa saa saba mchana. Alibakiza mtu mmoja tu ambaye makazi yake aliyajua, na ndiye mtu ambaye angependa kumkwepa hata katika ndoto.

*

Msimamizi wa zamani wa kiwanda alikuwa na nyumba ya ukuta mrefu na kengele. Msichana wa kazi alifungua kidirisha cha geti.

"Una miadi?"

"Mwambie ni mshonaji wa mstari wa pili."

Alisubirishwa juani dakika ishirini. Alizihesabu, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyemfundisha kuhesabu dakika: ukichelewa tano, mshahara wa nusu siku unakwenda. Mwishowe aliingizwa barazani, akaambiwa avue viatu, ingawa sakafu ilikuwa ya saruji.

Msimamizi alitoka na mkongojo. Alikuwa amekonda, na nyusi zake zilizokuwa zikiwatetemesha watu sasa zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mstari wa pili! Ulikuwa unashona vizuri lakini una mdomo."

"Mdomo ulikuwa wa mume wangu, mzee."

"Ehe. Yeye." Alikaa kwa taabu. "Mlikuwa na wimbo, 'Msimamizi Naye Hulala.' Mlidhani sijui?"

Kishindo aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kutukanwa. Alikuwa amejiandaa tangu kwenye geti. Alieleza yote: uvimbe, Jumatatu, nyumba isiyo na kaseti. Alieleza haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Mzee aliuegesha mkongojo ukutani. Kisha akasema, "Nilikuwa nalala kweli. Saa nane mpaka saa tisa, mguu juu ya droo. Ulikuwa wimbo wa haki." Akamwita msichana wa kazi, akamtuma chumbani. "Kaseti ninayo. Nimeisikiliza sana. Watoto wangu wanasema ni kelele. Nawaambia hamjui sanaa."

Msichana alirudi na kifuko cha mistari ya bluu na redio ya kaseti. Mzee alibonyeza.

Kwanza ukasikika mlango wa ghala ukifungwa. Kisha mbofyo wa swichi ya kipaza sauti. Kisha sauti ya Mkwaruzo, kijana, kali, imejaa kifua kizima:

"Huyu simwimbii mimi! Tafuta mwingine!"

Mlango ukabamizwa. Kimya cha sekunde tatu. Halafu dramu zikaanza, peke yazo, bila gitaa, bila mwimbaji.

Kishindo aliisogelea redio. Sasa alikumbuka. Walikuwa wamegombana mara nyingi mle ghalani, na nani angejua ugomvi upi uliingia katika nakala ipi? Ulikuwa huu. Pesa ya msimamizi ilikuwa imeshapokelewa na imeshanunua maziwa ya mtoto. Mkwaruzo aliapa hatamwimbia mtu anayemkata mkewe mshahara. Akatoka. Mkanda ulikuwa unazunguka, na wao hawakuwa na desturi ya kufuta. Basi Kishindo akapiga peke yake, nyimbo zote, Jumatatu na Jumanne, akiacha nafasi mahali pa mumewe kama mtu anayempakulia chakula mtu aliyesafiri.

"Mwanzo huo!" mzee alisema, macho yakimng'aa. "Unatukanwa kwanza, halafu dramu saa nzima. Niliposikia mara ya kwanza nilisema, hawa vijana wana akili. Ndiyo panki yenyewe, sivyo?"

Kishindo hakuwa na moyo wa kumwambia.

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Kuazima tu, lakini. Jumanne nirudishiwe." Akamletea daftari asaini, kama zamani. Alisaini, tarehe na saa, akavaa viatu vyake. Aliye juu mngoje chini, wanasema. Yeye alikuwa amemngoja, akamkuta chini kwa mkongojo, na hakuona raha yoyote. Njia nzima alilia bila kujificha. Siku nzima ya kutafuta, na alichopata cha mumewe ni sentensi mbili za hasira.

*

Jumapili mchana binti alikuja na redio ya kaseti ya shule, ile ya masomo ya kusikiliza lugha. Aliiazima bila kumwomba mwalimu mkuu, na kwake yeye hilo lilikuwa kama wizi wa benki.

"Nimepata moja," Kishindo alimwambia mumewe. "Lakini usifurahi sana."

Walikaa sebuleni watatu. Binti alishika simu tayari. Mlango wa ghala ulifungwa, swichi ikabofya, na kijana akapiga kelele kwamba huyu hamwimbii yeye. Mkwaruzo alishtuka kana kwamba ameitwa. Mlango ulipobamizwa, aliinamisha uso.

"Kumbe ndiyo hii," alisema.

"Ndiyo hii."

"Ulipiga mwenyewe? Zote?"

"Kwani ulidhani nilikwenda kula?"

Hakuwa amewahi kujua. Wiki ile alirudi nyumbani kimya, mke akanyamaza, maisha yakaendelea. Miaka ishirini na sita alidhani mkewe alizima mashine na kutafuta namna ya kurudisha pesa ya mtu. Dramu ziligonga sebuleni, ngumu, za mwanamke mwenye hasira anayefanya kazi ya watu wawili. Wimbo wa kwanza ukapita mtupu. Wa pili ukaanza, pigo mbili nzito na moja nyepesi, na mguu wa Mkwaruzo ukatikisika.

Alisimama, akalitoa gitaa ukutani. Uzi mmoja haukuwapo na tano zilizobaki zilikuwa zimelegea.

"Daktari kasema..." binti alianza.

"Mwache," Kishindo alisema.

Palipokuwa na nafasi, akaingia. Akaingia palepale, bila kutafuta, kama mtu anayeujua mlango wa kwao gizani. Ile sauti haikuwa nzuri. Ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. "Msimamizi naye hulala, amka, amka, king'ora kimelia!" Mishipa ya shingo ilimsimama. Kishindo alijikuta amevuta sufuria na dramu moja ya pembeni, mikono yake ikifuata mikono yake ya ujana, ikikosea, ikipata. Jirani aligonga ukuta. Mkwaruzo akaimba kuelekea ukutani. Aliimba "Sina Chenji," akaimba "Punguza Mwenyewe," alisahau ubeti akaweka matusi, binti akacheka mpaka akaegemea mlango, machozi yakimtoka. Upande wa kwanza ulipokwisha, binti mwenyewe ndiye aliyeruka kugeuza kaseti.

Waliimaliza yote. Mkanda ulipokwisha, Mkwaruzo alikuwa jasho tupu, mkono mmoja kwenye kabati.

"Ulikimbiza mapigo," alimwambia mkewe kwa pumzi. "Wimbo wa nne. Ulikimbia."

"Wewe umechelewa miaka ishirini na sita, hebu nyamaza."

Wakacheka. Kishindo alijifuta uso kwa kanga, akageuka kwa binti yake.

"Umepata yote?"

Binti aliitazama simu mkononi. Kioo kilikuwa cheusi. Aliibonyeza, ikawaka, ikamwonyesha saa na tarehe tu.

"Mama," alisema. "Nilikuwa nasikiliza."

Hakuna aliyemgombeza. Mkwaruzo alijaribu kusema kitu, kikatoka hewa. Alijaribu tena. Kisha akapunga mkono, basi, akakaa, akaomba maji kwa kidole.

*

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa kwenye korido ya hospitali. Mkwaruzo alivalishwa gauni lisilofungika nyuma, akalala kwenye kitanda cha magurudumu. Binti alikuwa amesimama miguuni, mkewe kichwani. Muuguzi alikuja na faili, msichana wa rika la binti yao, mwenye haraka lakini si mbaya.

"Mzee, habari za asubuhi. Niambie jina lako kamili."

Mkwaruzo alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata ile sauti ya kiti.

"Jina, mzee. Lazima utaje mwenyewe, ndio utaratibu."

Alijaribu tena. Alimtazama muuguzi, akamtazama mkewe, na kwenye pembe za macho yake kulikuwa na ule ujeuri wa zamani, wa mtu aliyetoka jukwaani shati limelowa.

Muuguzi alikunja uso, akasoma faili. "Alhamisi imeandikwa hapa kwamba sauti ipo. Inakwaruza, lakini ipo. Mama, tuliwaambia aitunze. Imekwenda wapi?"

Kishindo aliuweka mkono wake kwenye paji la mumewe.

"Ameimaliza, mwanangu," alisema. "Nyumbani, jana. Ameimaliza yote."